Makofi ya Orville Stanek

Katika basi la Burbank, mji wa studio za sinema, linalopita makaburini, mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata picha ya Orville Stanek. Sura niliijua tangu utotoni, jina ndiyo kwanza nalisoma chini ya picha. Alikuwa hakimu, mwizi wa farasi, daktari wa meli. Filamu zaidi ya mia mbili, na nyingi hakufika mwisho akiwa hai.

"Amekufa mbele yangu mara themanini na moja," mzee alimwambia mama mwenye shada la maua kando yake. "Damu nilimpaka mimi."

"Mimi ni dada yake," mama akasema. "Nasikia kuna watu wa sinema wanataka kupiga makofi kaburini."

Mzee alitazama viatu vyake. "Hao watu ni mimi."

"Huna haya, bwana? Tunazika mtu."

"Sikiliza, dada. Mwigizaji akimaliza kipande chake cha mwisho, jina lake linatangazwa, kazi inasimama, na mafundi wote wanampigia makofi akitoka studioni, hata kama alisema neno moja tu. Orville tumemuaga hivyo kila filamu. Leo ndiyo tumnyamazie?"

"Kwetu Nebraska maiti hunyamaziwa."

Dereva alikuwa amezima redio muda mrefu, nadhani si kwa heshima tu.

Basi likasimama getini, mlango ukafunguka. Mama hakuinuka.

"Na huwa mnapiga kwa muda gani?"

"Mpaka mwenyewe atoke."