Gari ya Jepchumba Inakunywa Spiriti

Benchi la pale mtaani Shabab ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya gereji ya Mbugua, ambaye Nakuru nzima inamwita Spana. Jumamosi hiyo asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia mlima Menengai, Samsam alikuwa ameshamimina kahawa ya tangawizi raundi ya kwanza. Wateja wake wa kila siku walikuwa wameketi: Mzee Dualeh, aliyeendesha malori ya mafuta miaka thelathini hadi akaitwa Tenka, na Kiarie kinyozi, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Spana hakuketi. Alikuwa akizunguka gari moja ya bluu yenye turbo kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Mwenye gari, Jepchumba, mwalimu wa kemia kule Rongai, alikuwa na mashindano ya magari ya kupanda mlima kesho yake huko Kuresoi.

— Ati inakunywa nini? Redio aliuliza, kikombe kikisimama hewani.

— Ethanoli, Spana akasema. Spiriti ya miwa. Lita saba petroli, lita tatu spiriti.

— Wacha! Si hiyo ni chang'aa imeenda shule?

— Sikiza, buda. Turbo inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Ukiongeza presha sana, petroli inalipuka kabla ya zamu yake, inagonga pistoni kama nyundo. Ethanoli inavumilia presha, na inapooza ile hewa ikiingia. Kwa hivyo nguvu unaongeza na injini haigongi.

— Na karao wakisimamisha hiyo gari na alcoblow, ile ya kupima walevi? Itapuliza na egzosi?

Samsam alicheka hadi akamwaga kahawa. Redio, akiona ameshika watu, akaongeza mwendo.

— Mimi nawaambia, hiyo gari Jumatatu itaamka na hangova. Utapiga starta, ikuambie inataka supu. Na ikizoea je? Utapita nayo karibu na baa, iwashe indiketa yenyewe!

Spana alicheka na wengine, lakini alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka juzi alimwongezea mteja presha ya turbo kwa petroli ya kawaida tu, na pistoni ikatoboka kabla jamaa hajafika Mai Mahiu. Miezi mitatu watu walipita hapo gereji wakimuuliza kama anauza pistoni zenye madirisha. Safari hii alikuwa amesoma usiku na mchana. Aliweka nozeli kubwa, kwa sababu ethanoli huliwa kwa wingi kuliko petroli, akabadilisha pampu na mipira ya mafuta, akaipanga kompyuta ya gari upya. Kilichobaki ni kumimina. Akainua mtungi wa ethanoli, akafungua kifuniko cha tangi.

— Ngoja kwanza, Tenka akasema. Hiyo umetoa wapi?

— Kwa duka fulani. Ile ya kupikia.

— Umepima maji?

— Mzee, hii ni spiriti, si maziwa.

— Mimi nimebeba mafuta kutoka Mombasa hadi Malaba, kijana. Kitu chochote kinachouzwa kwa mtungi, pima maji.

Jepchumba alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni. Sasa aliinama ndani ya gari, akatoa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani.

— Mzee anasema ukweli, akasema. Ethanoli inapenda maji. Yakizidi, inaachana na petroli na kushuka chini pamoja na maji. Na pampu inavuta kutoka chini.

Akamimina petroli kiasi, akaongeza ethanoli ya ule mtungi, akatingisha, akaiweka chupa juu ya benchi. Wote wakainama. Mchanganyiko ulikuwa mweupe kama maji ya mchele. Kisha, polepole, chini ya chupa pakaanza kujitenga tabaka, na mstari ukaonekana wazi.

— Ai! Samsam akapiga kelele. Wamekuuzia maji!

Spana alitua ule mtungi. Injini ingezima katikati ya mlima, magari mengine yakija nyuma kwa kasi.

— Niko na nyingine ya akiba kwa buti, Jepchumba akasema. Binamu yangu anafanya kazi maabara ya kiwanda cha spiriti. Hii aliikausha maji yote, akaipima mwenyewe.

Wakarudia. Wakatingisha, wakangoja. Chupa ikabaki angavu kama kioo, bila mstari, bila wingu. Redio akapiga ubao kwa kiganja, bam!

— Mimina, Spana! Mimina tuone!

Dakika ishirini baadaye Jepchumba alikuwa kwa usukani, Spana kando yake na laptopu magotini, wakipanda barabara ya Menengai. Alikanyaga. Turbo ikapiga mluzi, mshale wa presha ukapita pale ambapo zamani Spana angefumba macho, na gari ikawasukuma vitini. Spana aliangalia laptopu. Hakuna kugonga. Hata mara moja.

— Tena! akapiga kelele kama mtoto.

— Tena! Jepchumba akajibu, akacheka, akakanyaga.

Waliporudi, karibu benchi lote lilisimama. Redio alikuwa ameshaitangazia barabara nzima.

— Kesho ni kombe! Mwaka kesho tunaweka turbo kwa posho mill ya unga! Tunamwagia trekta za Rongai, zilime zikiruka! Mzee Tenka, wewe tunakuwekea kwa mkongojo!

— Mkongojo wangu hauko na leseni, Tenka akasema, na hata yeye akacheka.

Mwishoni mwa benchi alikuwa bado ameketi mama mmoja mwenye sweta ya kijani, Wamaitha, aliyekuwa akisubiri tairi yake izibwe gereji ya jirani. Alikuwa amesikiliza yote. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, mimi sijui magari, akasema. Nguvu mmeongeza. Na breki, mmeongeza?

Tenka akamtazama Spana. Spana akamtazama Jepchumba. Jepchumba akatazama magurudumu.

Spana alichukua jeki, akainua upande wa mbele, akatoa gurudumu, akamulika na simu. Pedi za breki zilikuwa zimeliwa hadi zikabaki nyembamba kama biskuti. Akiwa bado amechuchumaa, akawaza kona moja ya Kuresoi yenye korongo upande mmoja.

— Sanduku la zana, akasema, sauti ikiwa chini. Leo hatuendi nyumbani mapema.

Jepchumba alikuwa ameshavua koti. Kabla hajapiga goti, alimgeukia mama wa sweta ya kijani.

— Mathe, kesho una shughuli gani? Njoo Kuresoi na sisi, utuulize maswali mengine.