Historia ya Elieshi Hezekia Shemhilu na Chupa Iliyobaki

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliopanda milima hii kwa miguu kwa sababu barabara imekatika, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Mikaeli, mdogo wake marehemu, yule yule mnayenijua sokoni kwa maneno mengi. Naomba mtu asiondoke kabla sijafika mwisho, hata mvua ikianza, maana ndani ya historia hii kuna chupa moja ya dawa ambayo haijapatikana, iko nyumbani kwa mtu, na ikinywewa inaweza kuua.

Marehemu Elieshi alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Mlalo, mtoto wa kwanza kati ya sita wa marehemu mzee Hezekia Shemhilu na mama yetu Raheli, huyu aliyekaa mbele yenu, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza 1967, akachaguliwa kwenda sekondari ya Kifungilo kwa masista, mtoto wa Kilutheri katikati ya Wakatoliki, akamaliza mwaka 1971 akiwa wa pili darasani, wakati mimi nilikuwa nimeshaishia darasa la tano, kwa kuwa, kama nilivyomwambia mwalimu, yaliyobaki nilikuwa nayajua. Alisomea kazi ya maabara mjini Tanga kuanzia 1972 hadi 1974, na mwezi Agosti mwaka huo akaajiriwa katika kituo kidogo cha utafiti wa malaria hapa wilayani kwetu, alikofanya kazi miaka ishirini na mitatu na miezi saba, bila kuchelewa hata siku moja.

Tarehe 6 Januari 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu Ulimboka, mzaliwa wa Tukuyu, karani wa shamba la chai, na wazee wakanung'unika kwamba binti anakwenda kwa mtu wa mbali, mpaka walipomsikia shemeji akisalimia kwa Kishambaa kilichonyooka kuliko changu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lucy aliyezaliwa 1980 na Happiness aliyezaliwa 1984.

Sasa niseme kazi yake hasa, waliosoma watanisahihisha, lakini mimi niliiona kwa jicho langu la kushoto. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, kila mtu akafungua duka na mimi nikafungua mdomo, lakini kwake kituoni wenzake watano walipunguzwa kazini, akabaki yeye na hadubini moja, na mwaka 1993 wakaja wataalamu wa kigeni na hadubini nyingine yenye mwanga wa buluu. Alifuga vimelea vya malaria ndani ya mtungi wa kioo, anawasha mshumaa ndani, anafunika, mshumaa unazimika, na vimelea vinastawi katika hewa ile iliyobaki, vikila damu ya watu wa kundi O, na damu hiyo, naomba iandikwe, nusu yake ilikuwa yangu. Siku moja aliniita akaniambia, "Njoo uone wageni wako, Mikaeli, wanakula kwako kila wiki," nikachungulia, nikaona vidoa vinawaka na kuzimika kama vimulimuli.

Alinieleza kwamba kimelea hakina masikio wala kengele, bali kina kalsiamu, ile ile ya mifupa na maziwa, ikipanda ndani yake kinajua saa imefika ya kupasua chembe ya damu na kuingia nyingine, na rangi aliyoweka ndiyo inayowaka kalsiamu inapopanda. Kazi yake ilikuwa kutafuta kitu cha kuvuruga ishara hiyo, ili kimelea kikae pale pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao, maana klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, na alikuwa akiwaogopea watoto wa milimani ambao miili yao haijaizoea malaria. Magome na mizizi ya kujaribu niliyaleta mimi kutoka msituni, aina arobaini na moja, na ya thelathini na moja ndiyo iliyozima vimulimuli vyote, ila mti wenyewe sitautaja, maana nawajua ninyi, kesho utakuwa umebaki uchi.

Mvua kubwa za mwaka jana zilipogeuka mwaka huu kuwa homa nyumba hadi nyumba, mimi sikungoja wataalamu. Nilichemsha magome yale katika debe mpaka maji yakawa meusi, nikajaza chupa bapa kumi na saba, nikaziba kwa gunzi la hindi na kufunga uzi mwekundu wa kufumia, nikasimama hapo sokoni mwezi wa Februari nikisema, "Hii imepita kwenye hadubini ya dada yangu, wagoshi, jamaa zangu, hii si ya kubahatisha!" Dada hakujua. Nilitumia jina lake bila kumwomba.

Jumatano tarehe 4 Machi, saa sita mchana, alikuja kwangu na koti lake jeupe la kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni, akanusa harufu ya magome yaliyochemshwa, macho yakamtoka. Asubuhi hiyo aliwapa panya wake wa majaribio dawa ya thelathini na moja, malaria ikatulia, kisha mioyo yao ikasimama mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa moyo nao hupiga kwa kalsiamu, na dawa ile haikuweza kutofautisha kimelea na mwenye kimelea. Akaniuliza, "Umeuza ngapi?" Nikamwambia, "Kumi na sita, dada." Akasema, "Sema tena, Mikaeli, usinifanyie utani." Nikasema, "Kumi na sita."

Hao kumi na sita niliwajua kwa majina, na tangu siku hiyo, kila alipotoka kazini na kila Jumamosi, alitembea kwenye tope hadi Mtae, Rangwi, Sunga na Mlola, akidai chupa ya uzi mwekundu. Fatuma wa maandazi alikuwa ameimwaga kwa sababu ya uchungu, Mungu ambariki kwa kudeka. Mzee Issa alikataa katakata, "Wewe mama wa maabara, homa imenitoka halafu unaninyang'anya dawa?" naye dada akajibu, "Shikamoo baba, moyo wako ulikuwaje ulipoinywa?" mzee akasema, "Uliruka kama chura, ukatulia, nikadhani nimekwisha," akaingia ndani akaitoa mwenyewe. Nilikwenda naye safari hizo zote, nikijifanya shujaa, na kila chupa ilipopatikana yeye alishukuru na mimi niliogopa zaidi.

Ya kumi na sita tuliipata Sunga Jumamosi tarehe 18 Aprili, na wakati wa kurudi mlima uliporomoka mbele yetu, tukanyeshewa tukingoja udongo utulie, na kesho yake akaanza kukohoa. Alilazwa hospitali tarehe 22, wakampima malaria mara tatu, hana, ilikuwa homa ya mapafu iliyokwisha kushika pande zote mbili. Jumanne aliniita karibu, akauliza, "Zimetimia?" Nikamjibu, "Zimetimia, dada." Akasema, "Basi nimepumua," na Alhamisi tarehe 30 Aprili 1998, saa nne asubuhi, akafariki.

Ndugu zangu, hazikutimia. Ya kumi na saba nilimuuzia mama nisiyemjua, mwembamba, mwenye kanga ya kijani, amebeba mgongoni mtoto wa mwaka mmoja hivi mwenye kofia nyekundu ya sufu, akaniuliza mtoto anapewa kiasi gani, na mimi, niliyeishia darasa la tano, nikamjibu kama daktari, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Alipanda gari la Lushoto. Nilificha hiyo moja kwa aibu, nikijua dada angeuliza swali hilo hilo la kijiko, na sasa kila nikiona kofia nyekundu nakimbilia kuchungulia uso, nikikuta mtoto yuko mzima nashukuru, nisipoiona siku nzima siwezi kula.

Hivyo kabla jeneza halijashuka, kila mmoja amfikirie shemeji, wifi, mpangaji, mtu wa kanisani au msikitini, mwenye kanga hiyo na mtoto huyo, na wa mbali mpeleke habari huko mnakorudi, chupa bapa, gunzi, uzi mwekundu, isinywewe, isimwagwe kwenye chemchemi, iletwe kwa Ulimboka au kituoni, na kama kuna baya limeshatokea, niambiwe mimi, sitakimbia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku nane, wenzake wa kituoni walioleta hapa daftari lake la majaribio, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua, wanawake mliopika, Waislamu na Wakristo, na wafanyakazi wa shamba la chai mliotembea tangu alfajiri.

Dada Elieshi, nilikudanganya mara mbili, mlangoni na kitandani, na ya tatu, hapa kaburini, nimeshindwa. Lala sasa, miguu yako imechoka. Mimi baada ya udongo huu naanza safari ya Lushoto, nyumba kwa nyumba.