Historia ya Gershom Nyale Munga, Fundi wa Kamera Aliyependa Pazia

Mchungaji wetu, wazee, majirani wa Bofu na Mtongwe, nanyi wana wa kundi la WhatsApp la Sauti ya Bofu mliokuja kwa wingi kuliko tulivyotarajia, familia inawasalimu, na kabla ya kusoma inawaomba jambo moja ambalo marehemu angeliomba mwenyewe kama angekuwa amesimama hapa, kwamba simu zikae mifukoni na asiwepo wa kurusha mazishi haya mtandaoni, maana maisha haya yanasomewa masikio yaliyotembea yakafika.

Gershom Nyale Munga alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa Mtongwe, Likoni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Munga Kai na Mama Sarah Mbeyu, ambaye tunaye leo, na tangu udogo alikuwa mtoto wa maswali, akiambiwa nyamaza ananyamaza kidogo, kisha anauliza tena kwa sauti ya chini.

Alianza shule ya msingi hapa Mtongwe mwaka 1986, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akasoma sekondari hapa hapa Likoni hadi mwaka 1997, mwaka wa ghasia, alipoona watu aliokua nao wakiulizwa kwao ni wapi kabla ya kuulizwa hali, na mamake anasema kwamba tangu mwaka ule Gershom hakumvumilia mtu anayetaka habari za mwenzake bila kueleza anazitakia nini. Mwaka 1999 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Mombasa, akahitimu stashahada ya elektroniki mwezi Novemba 2001.

Aliajiriwa mwaka 2002 katika duka la kutengeneza redio na televisheni Changamwe, na mwaka 2011 akaanza kazi yake mwenyewe ya kufunga kamera za ulinzi, akipanda ngazi kutoka Likoni hadi Kisauni, kwenye maduka, maghala, shule na nyumba za kupanga, kazi iliyowalisha na kuwasomesha watoto wake. Alifunga ndoa na Kafedha Charo tarehe 9 Desemba 2006, wakajenga Bofu, na Mungu akawajalia Cindy mwaka 2008 na Munga mwaka 2012.

Mwezi Juni 2019 Gershom alifunga kamera kwenye duka moja Bofu, ikitazama njia, na alfajiri moja kamera ile ikamnasa Bibi Kanze, mjane wa mtaa, akiwa ameinama penye ukuta, akichuma majani na kusema peke yake, mwenye duka akakata kipande kile cha picha akakitia kwenye kundi letu la WhatsApp, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba Bibi Kanze ni mchawi. Yule mama alikuwa akisali, na majani yalikuwa ya mwarobaini, ya kumwogeshea mjukuu aliyepata tetekuwanga, naye akayaleta mbele ya watu akayaonyesha, wakamwambia, "Siyo haya, yale umeyaficha," akamleta na mtoto mwenyewe na vipele vyake, wakasema, "Ndio hao unaowaroga." Wanawe walimhamisha wiki ile ile kumpeleka Kaloleni, kwa usalama wake, na Gershom akapanda ngazi mchana kweupe akaing'oa kamera ile, huku mwenye duka akipiga kelele chini, "Gershom, hiyo ni mali yangu!" naye akimjibu kutoka juu, "Na yule bibi alikuwa mali ya nani?"

Kuanzia hapo ndipo mlipomjua mlivyomjua. Mwaka ule ule ilipopitishwa Sheria ya Kulinda Data aliisoma yote kwenye simu, akawa anawasomea wenzake kwenye kundi kila jioni, na Kifungu cha thelathini na moja cha Katiba, kinacholinda faragha ya mtu, alikitaja mpaka watoto wake wakakikariri. Kwenye malango ya majengo mjini alikuwa akiwaambia walinzi, "Kitambulisho nitakuonyesha, ndugu yangu, lakini namba ya simu ya nini, utanipigia?" nao wakimjibu kwa uchovu, "Mzee, mimi nimeambiwa niandike tu," na hapo wateja wake walilazimika kushuka ghorofa zote kuja kumpokea, wakimcheka. Alipogundua kwamba amesajiliwa mwanachama wa chama cha siasa ambacho hajawahi hata kuvaa fulana yake, hakulala kwenye kundi lile wiki nzima, akawauliza wanasiasa wa mtaa mmoja mmoja, na hakuna aliyemjibu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa jirani yake Maxwell, wakala wa nyumba, aliyeamini kwamba serikali isiyotuona haiwezi kutulinda, na mashindano yao yaliwafanya wengi wenu mkawahi kula chakula cha jioni mpate kuyafuata. Maxwell aliandika, "Kama huna unachoficha unaogopa nini?" Gershom akamjibu, "Basi kesho kaogee barazani, tukuone." Maxwell akaandika, "Na wewe fundi, mbona ndiye unayetufungia hizo kamera?" na hilo Gershom hakulijibu kwenye kundi, ila alimwambia mkewe kwamba amejenga nyumba yuko ndani yake, na sasa anatafuta alipouacha mlango. Aliendelea kufunga kamera, kwa kuwa ada za shule hazikungoja, na kila aliyemfungia alimpa somo refu asilolitaka.

Mwezi Februari 2024 Gershom alianza kuugua. Mnajua desturi yetu, mgonjwa hutazamwa, watu huingia wakaketi kitandani, na siku hizi hupigwa picha pia, ikatiwa kwenye kundi ili michango ipatikane, lakini Gershom alikataa picha, akamwomba mkewe asilitaje jina la ugonjwa wake kwa mtu yeyote nje ya nyumba ile, naye Kafedha akakubali, akatundika pazia zito dirishani, akawapokea wageni ukumbini kwa chai na kwa heshima. Basi maneno yakaanza, kwanza kwa upole, "Jamani, mbona haonyeshwi?" kisha, "Mama Cindy anaficha nini?" na mwishowe ukazunguka ujumbe wa sauti, usiojulikana ulikotoka, ukisema kwamba mke anamlisha mumewe kitu ili abaki na nyumba.

Kafedha aliusikia, kwa sababu naye alikuwa ndani ya kundi lile, na kutoka hakuweza, maana mtu akitoka, kundi humtangaza kwamba fulani ametoka, na wangesema dhamiri imemsuta, na kubaki kulikuwa kupigwa kila asubuhi kabla hajawasha jiko. Angefungua mdomo angekuwa amemvunjia ahadi mtu aliyelala, angenyamaza angekuwa amekiri, na sokoni wanawake waliokuwa wakimwita kwa mbali walianza kupanga nyanya upya alipowakaribia. Kilichokuwa hatarini ni jina lake, na mtaa huu unajua jina la mwanamke likishaharibika kwa neno kama lile alilopewa Bibi Kanze, mwenyewe hupelekwa wapi.

Mwezi Januari mwaka huu Cindy alimsomea babake yaliyokuwa yakiandikwa, naye akamwita mkewe akamwambia, "Mama Cindy, taja. Waonyeshe barua ya daktari, waishe. Jina lako lina thamani kuliko ugonjwa wangu." Kafedha akamgeuza upande wa pili, akamnyooshea shuka, akamjibu, "Bibi Kanze si aliwaonyesha majani? Wakasemaje?"

Tarehe 26 Februari 2025 hali ilizidi, na gari lilipofika majirani walikuwa wameshatoka nje, simu zimeinuliwa, ndipo Maxwell, huyu huyu Maxwell, alipolivuta lile pazia dirishani, akamfunika nalo Gershom kuanzia kichwani, akambeba mikononi hadi garini, akiwaambia watu, "Pisheni, hapa hakuna sinema." Gershom alifariki dunia hospitalini tarehe 28 Februari 2025, siku ya Ijumaa, mkewe akiwa amemshika mkono.

Alhamisi iliyopita familia ilikaa kikao kuhusu historia hii, kwa kuwa hapa ndipo mnapotarajia kusikia jina la ugonjwa, na kaka yake mkubwa, Kai Munga, alitaka barua ya hospitali isomwe mbele yenu neno kwa neno, na Maxwell akamuunga mkono, akisema, "Shemeji, sikuombi ufunue, nakuombea usalama." Kafedha aliwasikiliza wote, kisha akasema, nasi tunayasoma maneno yake kama alivyoyasema: "Mume wangu aliniruhusu, na ruhusa hiyo naiweka. Nikiwapa barua leo, kesho watataka kumwona daktari, kesho kutwa watataka kuona vyombo vya jikoni mwangu. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza usiku na mchana. Anayetaka kujua zaidi asiandike, mlango wangu anaujua, aje aniulize macho kwa macho, na nitampikia, na atakula."

Kwa hiyo ugonjwa hautajwi. Jana Bibi Kanze alifika kutoka Kaloleni, mara ya kwanza tangu alipoondoka, akapita katikati ya watu wasiojua pa kutazama, akamwambia Kafedha, "Nisogelee, mwanangu," akaketi naye mkekani, na hapo alipo hadi sasa, mnamwona. Maxwell naye jana aliketi akala jikoni kwa Mama Cindy, mbele za watu, akaomba aongezwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kutunza siri yake, majirani waliochota maji na kupasua kuni bila kuuliza, mafundi wenzake wa Changamwe, mchungaji na kanisa, na hata mliobishana naye, maana mlimpa sababu ya kuamka. Chakula kipo, kimepikwa na mjane mwenyewe kwa kutaka kwake, tukitoka kaburini tutaketi pamoja, na kila mmoja ataamua.

Pumzika kwa amani, Gershom, baba Cindy, baba Munga, pita tu, ndugu yetu, lango hilo halina wa kukuuliza namba ya simu.