Hisa Alizozikataa Laurenti

Benchi letu liko Ngamiani, Tanga, kwenye baraza ninaloshonea. Kila asubuhi, Shehe akishatua birika lake la kahawa na sinia la kashata, wenyewe wanajitokeza mmoja mmoja. Mzee Laurenti, mume wa Mama Ritha, huwa wa kwanza. Tunamwita Katani, kwa kuwa alizaliwa kambi ya mkonge na akafanya ufundi wa mitambo mle mle shambani mpaka akastaafu. Esmailji, mwenye duka la vipuri vya baiskeli hapo jirani, tumempa jina la Bei Moja. Ukitaka kujua sababu, nenda kamwombe punguzo. Wa tatu ni Suleimani, dereva wa bajaji. Huyo ni Waziri, maana hakuna jambo la nchi hii asilolitolea tamko. Mimi ni Daniel, wananiita Fundi tu. Jumamosi ile Waziri alichelewa, na habari ya benchi ilikuwa moja: Singamoto.

Singamoto ni kampuni ya vijana wawili wa Muheza. Walibuni mtambo wa kugeuza taka za mkonge, zile zinazobaki singa, yaani nyuzi zake, zikishatolewa, ziwe gesi ya kupikia. Walipoanza, miaka kumi na ushee iliyopita, waliwauzia wenyeji hisa, na Laurenti akatumbukiza kiinua mgongo chake. Mwaka wa kwanza gawio hakuna, wa pili hakuna, wa tatu hakuna. Akachoka, akaziuza. Sasa redio ilikuwa imetangaza kwamba kampuni imeingia soko la hisa, na watu wanazigombania kama tende za futari.

— Nasikia hisa moja leo inakununulia gunia la mchele, — alisema Esmailji. — Ile ile uliyoipata kwa bei ya sahani ya wali.

— Bei Moja, niache ninywe kahawa yangu.

— Nasema tu, bwana.

— Mimi sijutii. Aliyezinunua, riziki yake. Kila mkutano wanakunywesha soda, wanakwambia faida imerudi kwenye mitambo, tunakua, tunakua. Hata jipu linakua!

Tukacheka. Hatujamaliza kucheka, bajaji ya Waziri ikaja mbio, ikasimama nusu barabarani. Hakuzima hata injini.

— Mzee Laurenti, shikamoo. Mama Ritha kakwambia anakwenda wapi leo?

— Marahaba. Raskazone, kwenye kikao cha kanisani. Si wewe uliyempeleka?

— Alisema cha kanisani?

Laurenti akafikiri. — Alisema kikao.

— Basi ni kikao cha Singamoto, mzee! Nimemshusha mlangoni pa hoteli, nikasema ningoje abiria wa kurudi. Spika zinasikika mpaka nje. Wakaita wanahisa wa miaka ile ya mwanzo, wale ambao hawajauza hata moja. Wakasimama wachache. Mama Ritha kasimama! Nimechungulia dirishani kwa macho yangu haya. Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Shehe alikuwa anamimina. Kahawa ikajaa kikombe, ikamwagikia vidole, na hakusema hata "ah".

— Umemfananisha, — Laurenti alisema.

— Nimfananishe mtu niliyembeba? Kavaa kitenge cha kijani, Fundi ndiye kamshonea.

Wote wakanigeukia. Nilikishona wiki ile, kweli, na alinihimiza kiwe tayari kabla ya Jumamosi. Sindano ilinichoma nikiwa nawatazama.

— Ni majina tu yamefanana, — alisema Esmailji. — Kina Brightness kama Mama Ritha wako wangapi Tanga hii?

— Acha kamba, Bei Moja, — akadakia Waziri. — Hapa kuna kigogo kaficha mali yake kwa jina la mama wa watu. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wenzake wanapanda bei.

— Walisema hivyo?

— Maana yake ni hiyo hiyo. Kigogo akifa, mama anabaki na hisa.

— Sasa mbona mwenyewe kaenda kusimama? Mimi naona kompyuta. Kompyuta za huko sokoni zimechanganyikiwa. Mombasa kuna mtu aliamka akaambiwa ana meli.

— Meli!

— Meli nzima. Na mabaharia.

— Basi si kompyuta hiyo, wallahi, — Waziri akashusha sauti. — Mkonge ulikuja na meli ya wageni, sawa? Usidhani ulikuja peke yake. Kuna kitu kimo mle kwenye moto wao. Kinachagua mtu, kinamtajirisha, halafu kinadai. Ndiyo maana wakasema mgeni siku ya kwanza...

— Nyamazeni, — alisema Laurenti.

Alikuwa amekitua kikombe chake chini.

— Mimi ndiye niliyempa Mama Ritha ile kazi. Nilimwambia, tafuta mnunuzi, zitoe machoni pangu. Baada ya siku chache akaniletea pesa taslimu. Akanionyesha pa kutia saini, nikatia. Nikanunua pikipiki. Sikumuuliza mnunuzi ni nani.

Mara bodaboda ikasimama na Mama Ritha akashuka, kitenge cha kijani, mkoba kwapani. Alitutazama usoni mmoja mmoja. Alipofika kwa Suleimani, akaelewa.

— Waziri, umeshawaambia.

Suleimani akaangalia matairi ya bajaji yake.

— Mama Ritha, — Laurenti alisema, bado ameketi. — Ni nani aliyezinunua?

— Mimi, Baba Ritha.

— Kwa pesa ipi?

— Ya kuuza machungwa. Nilikuwa naikusanya nifungue banda langu sokoni. Uliniambia nizitoe machoni pako. Nikazitoa.

— Kwa hiyo ile pikipiki...

— Ndiyo lile banda.

Esmailji alisema jina la Mungu kwa sauti ya chini. Mzee Laurenti alikuwa anamwangalia mkewe kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali.

— Mwaka ule ulipokonda. Chakula kikawa hakipiti.

— Mtambo wao ulikuwa umepasuka. Wakafunga kazi. Kila mwenye hisa akawa anaziuza kwa bei ya kutupa, na mimi nikazishika. Nikilala naona banda langu linaungua.

— Nikakupeleka hospitali! Wakakupima kila kitu, hawaoni ugonjwa. Nikamwomba mchungaji akuombee mbele ya usharika wote. Nilisimama pale nalia, mimi, mbele ya watu. Nilidhani unanifia, Mama Ritha!

— Najua.

— Unajua!

— Nilikuwa nimekaa karibu yako.

Waziri akajaribu kuwapatanisha.

— Lakini si yamekwisha, mama? Bei iko juu. Uza leo, ujenge, mzee apumzike.

— Siuzi.

— Huuzi? — Tulisema wote, hata Shehe.

— Siuzi. Niliwaona wale vijana wana pipa moja tu, linavuja. Likipasuka wanaliziba, wanajaribu tena kwa namna nyingine. Hicho ndicho nilichonunua. Sasa wanapeleka gesi mpaka Horohoro na bado wanajaribu. Siku wakiacha kujaribu, nitauza.

— Maisha yangu yote dukani, — alisema Esmailji, — sijaona mtu anaikataa bei kama hii.

— Mimi sikuulizi habari ya bei! — Laurenti akainuka. — Nakuuliza wewe, niliyelala nawe kitanda kimoja miaka yote hiyo. Umehofu peke yako, na mimi nimehofu peke yangu. Kwa nini hukuniambia?

Mama Ritha aliuhamishia mkoba kwapa la pili.

Ummehani, mkwe wa Esmailji, alikuwa amekuja kuchukua funguo za stoo. Alikuwa amesimama kando kwa adabu, akingoja wazee wamalize.

— Shikamooni, — alisema. — Samahani, Mzee Laurenti. Angekuambia, ungemwacha azinunue?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Tulimtazama Laurenti. Laurenti akamtazama Esmailji, na Esmailji akaanza kuzitafuta zile funguo kwenye mfuko ambao hazikuwamo. Waziri alikwenda kuzima injini. Mimi nilijiuliza swali lile lile kwa jina la mke wangu, nikainamisha kichwa kwenye cherehani.

Mzee Laurenti aliketi tena, taratibu. Kisha akasogea pembeni mwa benchi, nafasi ya mtu mmoja. Mwanamke hakai kwenye benchi letu. Hakuna aliyekataza, haijatokea tu. Mama Ritha aliiangalia ile nafasi kwa muda, akaushika mkoba wake vizuri, akaketi.