Vince Hallam na Mwendo wa Kobe

Benchi letu liko Oldham, kaskazini mwa Uingereza, nje ya duka la mikate, mahali ambapo manyunyu huanza Septemba na kusahau kuondoka. Hukaa hapo watu wanne waliostaafu kazi lakini hawajastaafu kutoa maoni. Norman tunamwita Kasisi, kwa sauti yake, si kwa sala zake. Stan ni Daktari. Aliwahi kuendesha gari la wagonjwa, na tangu hapo anatibu mji mzima kwa mdomo. Malcolm, aliyepiga ngoma kwenye bendi ujanani, ni Kobe. Wa nne ni mimi, sina jina la utani, na wenzangu husema hilo pekee linanieleza vya kutosha. Jumatatu hiyo tulikuwa na vikombe vya chai na msiba. Jana yake, kwenye mashine ya santuri ya Norman, tulikuwa tumeisikiliza albamu mpya ya Vince Hallam, mtoto wa mtaa wetu aliyekwenda London na gitaa lake akawa nyota. Tuliisikiliza pande zote nne, tukakubaliana kwamba Vince anakufa.

— Ni koo, Stan akasema. Sauti imeshuka mpaka kwenye soksi. Nimewabeba wengi wenye sauti ile.

— Uliwabeba, hukuwapima, Norman akamjibu. Si koo, ni moyo. Jamaa anaaga. Hukulisikia gitaa? Linajikokota kama mtu anayerudi kazini baada ya likizo.

— Na waitikiaji? nikauliza. Kwenye jalada ni mabinti watatu wembamba. Mbona wananguruma kama madereva wa malori?

— Huzuni, Norman akasema. Huzuni hushusha sauti.

— Ya wote watatu?

— Wanampenda, bwana!

Stan akainua kidole, ishara kwamba tunaingia hospitalini.

— Nawaambieni, alirekodi akiwa kitandani. Na bendi nzima ikalala chini, kwa heshima.

— Au ameshakufa, Norman akanong'ona, na kunong'ona kwake kunasikika sokoni. Habari wanaitoa kidogo kidogo, mashabiki wasishtuke.

Ningependa kusema kwamba nilishuku jambo. Hapana. Hoja ya kitanda niliiona ina uzito.

 Simu ya Malcolm ilikuwa gotini mwake, na namba ya Vince alishapewa na dada yake Vince, anayetengeneza nywele sokoni. Watu hawa wawili walianza bendi pamoja kwenye gereji ya mama yake Malcolm, kisha Vince akaondoka na mpiga ngoma mwingine. Hawajasemezana miaka arobaini. Kosa la Malcolm lilikuwa moja tu: wimbo wa watu kuruka, yeye aliupiga kama wa watu kubeba jeneza.

— Ngoma mlizisikia? Malcolm akasema.

— Tulizisikia, Kobe.

— Ule ni mwendo wangu. Ule ule kabisa. Miaka yote anakimbia, halafu mwishoni, mgonjwa, anamwambia mpiga ngoma wake, piga kama Malcolm. Amekubali, jamani. Nampigia leo leo, kabla hajaondoka.

 Norman alivua kofia, mvuani.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye koti la manjano na mbwa mdogo alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, anafunga kamba ya kiatu. Hatukuwahi kumwona.

— Samahani, mnamzungumzia Vince Hallam? Ninayo hiyo albamu. Kwangu mbona anaimba mbio mbio, na kwa furaha? Nimesafishia nyumba nzima.

Tulimtazama kwa huruma, kama mtu aliyecheka mazishini bila kujua.

— Mpenzi, Norman akamwambia, huzuni ile inahitaji umri.

— Mliizungusha kwa kasi gani?

— Mizunguko thelathini na tatu kwa dakika! Santuri kubwa ni thelathini na tatu, ndogo ndiyo arobaini na tano. Hata mbwa wako anajua.

— Hii kubwa ni arobaini na tano, ninyi mmeiburuza polepole. Ndiyo maana ziko mbili kwenye jalada moja. Imeandikwa pale katikati.

Tulimgeukia Stan, ambaye ndiye tuliyempa kazi ya kusoma pale katikati.

— Miwani nilikuwa nimeikalia, Stan akasema.

— Kwa hiyo wale madereva wa malori…

— Ni mabinti.

— Na koo lake?

— Zima.

Norman akavaa kofia.

— Nilisema tangu mwanzo si koo.

Malcolm akacheka, kicheko kifupi, kisha akaanza kuirudisha simu mfukoni.

— Basi. Hafi, na ngoma bado anazitaka za mbio. Nimpigie nimwambie nini?

— Kwani ulitaka kumpigia kwa sababu anakufa? mwanamke akauliza. Akiwa mzima hapigiwi?

Aliuliza bila kejeli, kama mtu anayeulizia basi. Norman, mwenye jibu hata kwa maswali ya watoto wa wengine, akachungulia kikombe chake. Stan akatafuta miwani iliyokuwa usoni. Mimi niliona chai yangu imekwisha, nikafurahi kupita kiasi.

— Nakwenda kuongeza chai, nikasema.

Kazi ya mtu mmoja. Tuliinuka watatu.

Kutoka kwenye foleni tulimwona Malcolm kupitia kioo chenye mvuke. Simu iko sikioni, midomo inacheza.

— Anaongea na yule mbwa, Norman akasema.

Stan akafuta kioo kwa mkono wa koti. Mbwa na mwenyewe walikuwa wameshavuka barabara.

Tukasimama mlangoni na vikombe vinne mpaka chai ikapoa, tukimwomba kila mteja asitoke kwanza.