Gari la Usukani Haliharibiki

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani. Mguu wake mmoja umevunjika, pameshikizwa tofali, lakini nakwambia bila aibu kwamba mtaa huu ukitaka kufikiria, unakuja kufikiria hapa. Mwisho wa benchi nipo mimi, fundi viatu, na jina langu la hapa ni Kisigino. Mama Birika huleta kahawa kabla jua halijapanda ukutani. Redio, jamaa wa maneno mengi, huleta habari ambazo hakuna aliyemtuma azilete. Spana, fundi magari, hupitia kikombe kimoja kabla ya kufungua gereji yake, na kikombe hicho huwa hakiishi mapema. Halafu yuko Usukani, dereva mstaafu, ambaye huliegesha gari lake mbele ya benchi na kulitazama kutwa nzima. Asubuhi ninayoisimulia, Usukani hakukaa. Alivaa koti jeusi la kazi yake ya zamani, vifungo vyote vimefungwa, akawa anatoka mlango wa dereva hadi kwenye boneti na kurudi, maana gari lilikuwa haliwaki.

Gari lenyewe ni la aina ile ambayo ukimuuliza mtu yeyote, hata asiyejua kuendesha, atakwambia nunua hilo, wewe utazeeka lenyewe linakutazama. Sisi wa benchi ndio tuliomshauri alinunue, na tulimshauri kwa kelele. Usukani alikuwa dereva wa wakubwa. Ujana wake wote aliwapeleka watoto wao shule, akiwafungulia mlango wa nyuma, huku binti yake mwenyewe akienda kwa miguu na kurudi na vumbi hadi magotini. Mama wa mtoto alifariki mapema, kwa hiyo baba ndiye aliyekuwa mama, dobi na mwalimu wa hesabu. Sasa binti amesoma, amefaulu, na asubuhi hiyo ndiyo alikuwa anaanza kazi ya uuguzi katika hospitali ya mtaa wa juu. Usukani alikuwa ameapa mbele yetu sote kwamba siku hiyo atampeleka yeye, kwa gari lake, mpaka langoni.

Spana: Usipige stata tena. Utamaliza betri. Liache lipumue.

Usukani: Lipumue nini? Limelala usiku kucha!

Redio: Si ndiyo hapo sasa. Limelala kupita kiasi. Gari likilala sana linaamka na uvivu, kama shemeji yangu.

Usukani: Redio, leo sitaki.

Spana: Mzee, hili gari nalijua kama kiganja changu. Betri nimeweka mimi. Koili mimi. Plagi zote mimi.

Usukani: Ndilo ninalosema! Kama vyote umebadilisha wewe, kinachogoma ni nini? Kioo?

Spana: Sasa unanionea. Likifika kwangu si linawaka? Linakuja linavutwa kwa kamba, nafungua boneti, nabadilisha kitu kimoja, napiga stata mara moja tu, hilo linanguruma. Uongo?

Mama Birika: Kweli kabisa. Hata siku ya arusi ya mpwa wake liliwaka.

Redio: Liliwaka arusi imeshakwisha.

Mama Birika: Sasa wewe unataka nini? Si liliwaka?

Nilitaka kucheka lakini nilimwona Usukani usoni nikarudi kwenye kiatu changu. Mtu anayejua gari alikuwa amesimama mbele ya gari kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mama Birika: Mimi naona ni macho ya watu. Hili gari linatazamwa mno.

Redio: Macho ya nani? Mtaa huu watu wanatazama simu. Sikilizeni. Magari haya yanatoka nchi za baridi, yanapakiwa melini, yanatengana na wenzao. Asubuhi kukiwa na ubaridi kidogo kama leo, linadhani limerudi kwao. Linatulia. Linasikiliza.

Spana: Linasikiliza nini, we Redio?

Redio: Lugha yao! Liambieni neno moja la kwao muone.

Usukani: Nimesema sitaki.

Mimi: Kwa utaalamu wangu, tatizo ni kukaa. Kiatu cha kuvaa siku kuu tu ndicho kinachobana. Mzee, gari lako hulitembezi.

Usukani: Silitembezi? Juzi sikubeba saruji ya jirani? Wiki iliyopita nani alikwenda kuchukua magunia yako ya soli?

Alikuwa na haki. Kwenye magunia yangu liliwaka mara moja, tena likapanda mlima limejaa bila kulalamika. Nililisifia mtaa mzima.

Redio: Haya, hapo ndipo penyewe. Kwenye saruji linawaka. Kwenye soli linawaka. Linagoma lini? Arusi. Siku ya kumpokea mama mkwe wake. Mahafali ya binti, Mungu atusamehe, tulifika watu wanakunja viti.

Usukani aligeukia boneti. Hilo la mahafali lilikuwa bado halijamtoka. Binti alisubiri na joho lake mlangoni mwa ukumbi, na baba akatokea anahema, koti hilo hilo likiwa na grisi kifuani. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja hapa kijiweni, mpaka huyu Redio asiyejua kujizima.

Redio: Kwa hiyo gari linaona haya. Halitaki mbele za watu.

Spana: Gari lione haya!

Redio: Subiri, sijamaliza. Siku ya arusi lilikuwaje? Linang'aa. Siku ya mkwe? Linang'aa. Mahafali nilijitazama meno kwenye mlango wake. Siku ya saruji lilikuwaje? Chafu, limejaa tope, na linawaka. Leo litazameni! Jamani, nimelipata. Hili gari halipendi kuoga!

Tulicheka sana. Mama Birika alishika birika kwa mikono miwili lisimwagike. Mimi nilipiga nyundo benchi badala ya msumari. Hata Usukani mdomo ulimcheza kidogo. Spana alicheka kuliko sote, akajipiga paja, halafu akaacha ghafla, akaweka kikombe chini.

Spana: Mzee. Huwa unaliosha vipi?

Usukani: Vipi vipi? Maji na sabuni.

Spana: Nje.

Usukani: Nje na ndani.

Spana: Ndani kwenye viti, au ndani kwenye boneti?

Usukani alijinyoosha. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana mwenyewe.

Usukani: Spana, unadhani mimi ni dereva wa kuosha panapoonekana tu? Magari ya wakubwa, injini nilikuwa naifuta kwa kitambaa kikavu. Ndivyo tulivyofundishwa, nami nilitii, hayakuwa yangu. Hili ni langu. Nikasema mwanangu hapandi gari lenye injini chafu siku yake. Nimeamka alfajiri, nikafungua boneti, nikaelekeza mpira wa maji kila pembe. Linang'aa humo, kula chakula ukitaka!

Spana: Na siku ya arusi?

Usukani: Nitaendaje arusini na injini chafu?

Spana: Na mahafali?

Spana alikuwa ameshafungua boneti. Kweli paling'aa, sijaona injini safi namna ile. Alichomoa waya mmoja wa plagi, akauinamisha, na maji yakatiririka mkononi kwake mpaka kwenye kiwiko.

Spana: Moto utapita wapi hapa? Plagi zinaogelea.

Redio: Kwa hiyo nimepatia?

Mama Birika: Nyamaza, Redio.

Redio: Hapana, nataka kujua tu. Nimepatia au sijapatia?

Usukani: Ngoja. Kumbe kwako linawaka kwa sababu...

Spana: Kwa sababu likifika kwangu limeshakauka, mzee.

Usukani: Na koili ile uliyonitolea?

Spana: Ilikuwa nzima.

Usukani: Na betri?

Spana: Mzee, betri tutaongea siku nyingine.

Siku ya kawaida hapo pangewaka moto. Spana anajivunia gereji yake kuliko watoto wake, na Usukani anajivunia leseni yake safi kuliko cheti cha ndoa. Lakini hakuna aliyefoka. Usukani aliuliza kwa sauti ndogo litakauka lini. Spana akatazama jua, akasema likipanda vizuri, adhuhuri hivi. Akavua tambara begani akaanza kufuta waya mmoja mmoja, haraka haraka, jasho linamtoka, na sote tuliona kwamba haitawezekana.

Usukani alikaa. Alikaa mahali pa Redio, na Redio akampisha.

Usukani: Watoto wa watu sikuwachelewesha hata siku moja. Mvua, foleni, tairi kupasuka, waliwahi kengele. Wangu mmoja tu. Mmoja tu, Kisigino.

Niliumia. Nilitamani ningekuwa na mbawa au hata baiskeli nzuri.

Redio: Nimwite yule kijana wa teksi?

Usukani: Dereva mwingine ampeleke mwanangu, mimi nimekaa hapa?

Redio: Basi tulisukume. Nasema kweli. Binti akae nyuma, wewe shika usukani, sisi tusukume mpaka langoni. Gari si linatembea? Nani atajua?

Mama Birika: Watu wote watajua!

Spana: Mimi nashika nyuma kushoto.

Mimi: Nyuma kushoto ni kwangu, wewe mgongo unakuuma.

Sidhani kama mtu baki atanielewa, lakini tulikuwa tumeshasimama. Mama Birika alikuwa anafunga kanga kiunoni, anasema birika litabaki na benchi. Mtaa mzima ungetucheka na tusingejali, kwa sababu mtoto yule alifanyia hesabu zake za shule kwenye benchi hili, baba yake akiwa safarini, na kila mmoja wetu anaamini ndiye aliyemfundisha kugawanya.

Tukiwa bado tunagombania nafasi, binti akatoka nyumbani. Sare nyeupe imepigwa pasi, nywele zimebanwa, na viatu vyeusi nilivyovitia rangi mimi mwenyewe jana yake. Mama Birika alifunika mdomo. Mimi nilitazama viatu, si kwa ajili ya viatu, ni kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa.

Binti: Shikamooni wazee wangu.

Sote: Marahaba, mama! Marahaba, daktari!

Binti: Si daktari, ni nesi.

Redio: Kwetu ni daktari.

Aliona boneti wazi. Aliona Spana na tambara lake, aliona koti la baba yake, akaelewa yote, maana huyo mtoto amekua na gari hilo.

Binti: Limegoma, baba?

Usukani: Halijagoma. Linakauka. Mwanangu, nilitaka... nilikuwa nimesema nitakupeleka. Hata leo nimeshindwa kukupeleka.

Binti alikaa kando yake kwenye benchi, na sare yake nyeupe, hakupangusa hata vumbi.

Binti: Kwani baba, tukienda kwa miguu, utakuwa hujanipeleka?

Sikilizeni. Benchi hili limejibu maswali ya uchaguzi, ya mpira, ya bei ya sukari, ya mwisho wa dunia. Spana alitazama ndani ya boneti kana kwamba jibu la hili lilikuwa humo.

Usukani alisimama, akavuta koti likakaa sawa, akauchukua mkoba wa binti yake akauning'iniza begani kwake. Wakaanza kupanda barabara.

Na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulifikiria. Ndani ya gari Usukani angepiga honi na kupita. Kwa miguu alisimama kila mlango. Alisimama kwa mshonaji, akasimama kwa muuza magazeti, akamsimamisha mtu aliyekuwa anapita na mikoba yake tu, hata hamjui. Sauti yake ilitufikia mpaka kijiweni: huyu ni mwanangu, anaanza kazi hospitalini leo, ndiyo, huyu huyu! Binti anamvuta mkono, baba nitachelewa, naye anasema huchelewi, msalimie huyu tu. Waliokuwa ndani walitoka nje kutazama. Nimekaa mtaa huu umri wangu wote na sijaona mtu akitembea kifua mbele namna ile.

Karibu na kona yupo muuza mkaa, mtu wa maneno, ambaye gari la Usukani limempa kicheko cha bure miaka yote. Alipomwona na koti lake akapaza sauti barabara nzima isikie.

Muuza mkaa: Usukani! Chuma kimekufa tena?

Usukani hakupunguza hata hatua.

Usukani: Kife? Gari lipo pale, halina neno. Leo tumependa kutembea.

Muuza mkaa akageuka kututazama sisi, kuhakikisha. Boneti ilikuwa wazi kama mdomo, maji yanadondoka chini, na sote tumelizunguka.

Tukaitikia kwa pamoja, mpaka birika likatetemeka:

— Halina neno!

Na aliyepaza sauti kuliko sote alikuwa Spana.