Piano ya Ukumbi wa Saosanik

Risala ya Kikundi cha Masomo na Muziki cha Saosanik, iliyosomwa na mwenyekiti, Mzee Alexander Kipsang, kabla ya tamasha la fidla, filimbi na piano

Mgeni rasmi, Bwana Mathew Gichana, meneja mkuu wa mashamba yetu. Wasimamizi mlioandamana naye. Wazee, akina mama na vijana wa Saosanik: chamgei. Na kwa ndugu zetu Wakisii, bwakire.

UKARIBISHO

Tunafurahi kwamba umekuja mwenyewe wala hukutuma mtu. Tulikuomba uje asubuhi kwa sababu moja. Hapa kwetu alasiri ni ya mvua, na mvua ikishuka juu ya mabati haya filimbi haisikiki, hata mpigaji awe na pumzi kiasi gani. Kwa hiyo hatutasema mengi, ili muziki upate nafasi yake kabla ya mawingu.

TULIKOTOKA

Ukumbi huu ndio shule yetu. Wengi wetu tulioketi safu za mbele tuliandikwa kazi tukitia kidole gumba mahali pa sahihi. Jioni, mikono ikiwa bado na ule weusi wa chai usiotoka kwa sabuni, tulikuja hapa kusoma ngumbaru, masomo ya watu wazima. Tulianza na irabu, tukafika kwenye magazeti, na baadhi yetu tukaendelea hadi vitabu vinene. Risala hii tumeiandika wenyewe. Makosa yaliyomo pia ni yetu.

Siku hizo taa yetu ilikaa juu ya kabati lililosimama pale ukutani. Ukilikaribia utaona mviringo mweusi ambao taa iliuacha kwenye mbao. Kabati lile lilikuwa limefunikwa shuka la kijani kwa mbele, na mlango wake umepigwa misumari tangu kabla hatujafika. Hatukulisumbua. Lilishika taa vizuri.

Kisha akaja Mwalimu Edinah Bitutu kufundisha watoto wa chekechea. Alikuwa ametoka Fort Ternan, ambako alipiga kinanda kanisani. Jioni ya kwanza alipoingia humu alisimama akatutazama.

"Wazee, toeni hiyo taa kwa piano."

"Piano gani?" akauliza Mzee Sagini, mwanafunzi mwenzetu.

"Hiyo umeegemea."

"Mwalimu, hii ni kabati. Ufunguo ndio ilipotea."

"Sawa, baba. Nipe nyundo basi tufungue kabati."

Sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa mbaya sana, lakini ilikuwa sauti. Jioni ile hakuna aliyerudi kwenye kitabu chake.

TULICHOFANYA

Tulimwita fundi kutoka Nakuru akaitengeneza. Akatuonya kwamba kwa unyevu wa huku itaharibika tena upesi. Hapo ndipo kazi yetu ya chai ilipotusaidia. Mzee Sagini alifanya kazi kwenye vikaushio vya kiwanda hadi alipostaafu, na kila aliyepita kiwandani anajua kwamba jani kavu likiachwa wazi hunywa unyevu wa hewa. Alishona vifuko vya kitambaa, akavijaza majani makavu, akavining'iniza ndani ya piano, chini, mbali na nyuzi. Majani yakilegea tunayatoa, tunayaanika, tunayarudisha.

Fundi aliporudi alifungua, akainama, akanusa.

"Nani amemwaga chai hapa ndani?"

"Hakuna mtu amemwaga," Sagini akamjibu. "Hiyo chai iko kazini."

Fundi alicheka, kisha akaipima piano na kukuta sauti zimeshika. Alituambia tuendelee vivyo hivyo.

Hatukukosa aibu pia. Mama Chepkorir, ambaye hutupikia siku za mikutano, aliyakuta majani hayo yameanikwa barazani akawapikia kwaya ya wageni kutoka Mulot. Walikunywa kwa heshima. Mwishowe mmoja wao akauliza kama tulitumia kuni mbichi. Tulipomlalamikia Mama Chepkorir alitujibu, "Sasa mimi ningejuaje hata majani imeandikwa kazi?" Mgeni rasmi, chai utakayonywa leo imetoka dukani.

Vyombo vitatu utakavyosikia hatukuvichagua. Ndivyo vilivyokuwepo. Edinah alikuwa na piano. Kipkurui, dereva wa trekta, alikuwa na filimbi aliyojifunza katika bendi ya shule. Nyamusi, aliyekuwa mchumaji wa chai, alikuwa na fidla ya marehemu mjomba wake. Wamecheza makanisani, shuleni, na harusini mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Lakini huko kwingine hucheza wawili tu. Fidla inabebwa kwapani na filimbi inaingia ndani ya koti. Wanaotaka kuwasikia wote watatu huja hapa.

Kumekuwa na miaka ambayo majirani wa vilima hivi walipishana njiani bila salamu. Leo si siku ya kuieleza. Tunataka ujue jambo moja tu. Kabla ya kuanza, Edinah hubonyeza noti moja, na Kipkurui na Nyamusi, Mkipsigis na Mkisii, husimama pande mbili za piano wakitafuta sauti ileile. Hakuna anayeanza mpaka wameipata.

KINACHOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, hatulalamiki juu ya mashine za kuchuma chai. Tumeziona zikifanya kazi, na tunajua kampuni haiwezi kubaki nyuma. Tunaeleza tu kilichofuata. Nyumba nyingi za mistari ya chini, walikoishi wachumaji, zimefungwa. Nyamusi ni mmoja wa waliopunguzwa. Sasa anauza mboga Kedowa. Hata hivyo kila Jumamosi anarudi hapa, mvua au jua. Harudi kwa sababu ya nyumba, kwa kuwa hana nyumba hapa tena. Kazi pia hana. Anarudi kwa sababu ya piano.

Mwezi uliopita tangazo lilibandikwa kwenye mlango huu. Linasema ukumbi utakuwa ghala la mashine, na samani zote zihamishwe. Piano itapelekwa kwenye nyumba ya wageni ya kampuni, ipambe sebule. Hatuwezi kumkasirikia aliyeiita samani. Sisi wenyewe tuliiita kabati, na sisi tulikuwa tunaiegemea.

Nyumba ya wageni ni nzuri. Tunaamini huko itafutwa vumbi kila siku. Lakini huko itatazamwa. Hapa inapigwa.

TUNACHOOMBA

Tunaomba jambo moja. Nyumba ya kulelea watoto iko tupu tangu akina mama walipoondoka. Paa lake halivuji, na iko karibu na barabara kuliko ukumbi huu. Tunaomba mashine zikae kule, piano ibaki hapa. Vijana wako tayari kuisafisha nyumba hiyo na kuhamisha chochote kitakachohitaji kuhamishwa.

Hatutaki utujibu kwa maneno ya karatasi hii pekee. Tumeona ni haki usikie muziki kwanza. Kipande cha mwisho cha tamasha kimetungwa na Edinah mwenyewe. Kitapigwa kwanza na fidla na filimbi pekee. Edinah ataketi mbele ya piano iliyofunguliwa, mikono mapajani. Kila mahali ambapo piano inatakiwa kujibu, wenzake watanyamaza kwa muda wa jibu hilo, kisha waendelee. Tafadhali usidhani wamesahau.

Wakimaliza, Edinah atageuka akutazame. Ukimwitikia kwa kichwa kwamba piano ibaki, kipande kitaanza upya, na kitapigwa na vyombo vyote vitatu. Usipomwitikia, tutakupigia makofi kwa kuwa umefika kwetu, na tutakunywa chai pamoja kama tulivyopanga.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akurudishe mjini barabara ikiwa bado kavu. Asante sana. Kongoi. Mbuya mono.

Ni sisi,
Kikundi cha Masomo na Muziki cha Saosanik,
tulioko, na wale wanaorudi Jumamosi.